Waya wa Redio Kwenye Mgomba wa Kyimo

Ninyi vijana wa hapa Msasani ya Tukuyu mnaopita na kuuliza ule waya unaotoka dirishani kwangu hadi kwenye mparachichi wa jirani ni wa kazi gani, kaeni niwajibu leo, maana nimechoka kusikia kwamba bibi anaanika nguo zisizoonekana. Ni waya wa redio. Mimi ni Zuhura, niliyekuwa fundi redio pale sokoni Tukuyu wakati baba zenu wengine bado wanafungwa kamba za viatu na mama zao. Kushika chuma cha kulehemu nimestaafu, kusikiliza sijastaafu. Macho yamechoka, na magoti yanalalamika kila mvua ikinyesha, yaani kila siku, ila masikio Mungu ameniachia.

Mkisikia masafa mafupi mnacheka, mnadhani ni mafupi kwa sababu hayafiki mbali. Hayo ndiyo yanayokwenda mbali kuliko yote. Yanapanda angani, yanagonga huko juu na kurudi chini, yanapanda tena, hadi mtu aliyeko upande wa pili wa dunia anasoma taarifa ya habari na wewe unamsikia ukiwa na kikombe cha chai hapa chini ya mlima Rungwe. Hakuna bando wala namba ya siri. Unahitaji waya, subira, na watu wa nyumbani wanaokubali kunyamaza. Hicho cha tatu ndicho kigumu kupata.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Idrisa, mzee wa kibanda cha pembeni kabisa mwa soko. Baba yangu, aliyekuwa akiuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa, alimpelekea redio mbovu, na mimi nikawa narudi kila siku kuulizia imefikia wapi, hata baada ya kuwa imeshapona. Watu wakasema mtoto wa kike hafai kukaa na mabisibisi. Fundi Idrisa akawajibu kuwa mende waliomo ndani ya redio hawaulizi aliyefungua ni mwanamume au mwanamke, wanakimbia tu. Na kweli, mende ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa. Tukuyu kuna baridi, redio ina joto, wao wanahamia na familia zao.

Kabla sijaruhusiwa kugusa bisibisi, nilikaa muda mrefu nikisikiliza tu redio zinazoumwa. Inayokoroma, spika imechanika. Inayokatika ukiitikisa, kuna waya umeachia. Inayonguruma mfululizo, kapasita imekufa. "Sikiliza kwanza," mzee alikuwa akisema, "kufungua hata mwizi anafungua." Umeme ulikuwa wa kubahatisha, basi chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko la mkaa, na nikikizidisha moto alikuwa ananiuliza kama nataka kuchoma mahindi.

Uchu wa stesheni za mbali niliupata kwake. Soko likifungwa, wenzetu wakikunja meza zao za nyanya, yeye anavuta waya wake, anaweka redio ya mbao mezani, anaanza kuwinda. Saa nzuri ya kuwinda ni jua linapozama. Hapo stesheni zinafunguka, moja hii hapa na nyingine ile pale, Kiarabu, Kireno, lugha usizoweza hata kuzikisia. Sasa hiyo ndiyo saa ya adhana ya magharibi. Fundi Idrisa alikuwa mtu wa swala, na mimi nimelelewa hivyohivyo, kwa hiyo kila jioni ilikuwa mtihani. Anaipata stesheni, anatia alama ya chaki kwenye kioo, anakimbilia msikitini. Akirudi ameloa, stesheni imeshazama. Anafuta chaki na kusema, "Alhamdulillahi, kesho ipo." Siku moja imamu alimuuliza kwa nini anatoka msikitini mbio kuliko anavyoingia.

Haya, chukueni na elimu kidogo, isije ikasemwa bibi anapiga soga tu. Mchana tafuteni kwenye mita zenye namba ndogo, usiku kwenye namba kubwa. Kidole kisogeze taratibu, kwa sababu kati ya stesheni na stesheni kuna upana wa unywele. Waya wa ardhini fungeni kwenye chuma kilichozikwa palipo na unyevu, na hapo nyie wa Rungwe mmebarikiwa, udongo wetu haukauki hata ukiuomba. Na mkitaka kusikiliza, chomoeni hizo chaja zenu. Chaja moja ya bei rahisi inatosha kuharibu usikivu wa mtaa mzima. Mjukuu wangu nimemwambia mara nyingi, achague simu au bibi yake, naye kila mara anachukua muda kufikiri.

Tulikuwa pia tunaziandikia stesheni hizo kuwaeleza tunavyowapata, nao wanatutumia kadi na kalenda za ukutani. Mnatakiwa kuandika saa, masafa, usikivu, na hali ya hewa. Mimi kwenye hali ya hewa niliandika "mvua." Mara nyingine "mvua." Mara nyingine tena "mvua, na ukungu." Mwisho bwana mmoja wa stesheni ya mbali akaniandikia kunipa pole, akauliza kama kuna msaada wowote tunaoupata. Fundi Idrisa alicheka mpaka akavua kofia.

Betri nazo zina kisa. Kwingine watu wakiona betri zimechoka wanazianika juani, zinapata nguvu za kumalizia siku mbili tatu. Hapa jua la kuanikia tulitoe wapi? Watu wetu wakawa wanazipanga kandokando ya moto jikoni. Mzee mmoja wa Mpuguso alizifukia kabisa kwenye majivu ya moto, kama viazi, akaenda shambani. Aliponiletea redio, betri zilikuwa zimetumbuka na maji meusi yamekula chuma chote. Nikamuuliza amezifanya nini. "Nimezipasha kidogo tu, fundi, kama kiporo," akasema, na uso wake haukuwa na hatia hata chembe.

Lakini mimi leo nataka kuwaambia habari ya mgomba. Kanuni aliyoniachia Fundi Idrisa ni kwamba waya wa redio haufungwi kwenye mgomba. Mgomba ni maji matupu. Waya ukiugusa, kila ulichokikamata angani kinashuka ardhini kupitia shina. Ukikosa mti mwingine, katikati ya waya na mgomba unaweka kipande cha kandambili iliyokatika, ile raba inauzuia umeme usipite. Hilo nililijua vizuri. Kitu ambacho mzee hakunionya ni kwamba mgomba una mkungu, na mkungu una mwenyewe.

Alinijia mama mmoja wa Kyimo. Tulimwita Mama Ambokile. Mume wake alikuwa ameshafariki, na mwanawe wa kwanza, huyo Ambokile, alikwenda kusoma nchi ya mbali yenye baridi. Mwanzoni habari zilikuja, halafu zikakatika. Ikapita miaka kimya. Barua zake zilikuwa zinaishia wapi tulikuja kujua baadaye sana, huko tusiende. Wakati huo simu za mkononi hazijaotwa hata ndotoni. Ukoo ukaanza kunong'ona kwamba kijana amekufa, na kwamba mtu asiyeliliwa hatulii na hawaachi wa nyumbani watulie. Mzee Lugano, mdogo wake yule mume aliyefariki, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na alikuwa amepanga ukoo ukutane Jumamosi jioni, ili Jumapili waanze msiba. Wamlilie, wagawe migomba yake, yaishe.

Sasa katikati ya hayo mfanyabiashara mmoja wa mchele akamwambia mama sokoni kuwa kwenye stesheni moja ya mbali, Jumamosi magharibi, kuna mtangazaji wa Kiswahili anajiita Ambokile. Mama akaja kibandani kwangu akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile, fundi. Nataka unitafutie mwanangu."

Nilimwambia redio haiokoti watu. Lakini Jumamosi iliyofuata, kikao cha ukoo bado wiki moja, niliitafuta, na niliipata. Muziki, sauti ya mwanamume, jina, halafu mawimbi yakafifia yakamezwa na mikwaruzo. Nilipomweleza, alikaa juu ya boksi la redio na kulia bila sauti, mabega tu yakienda. Nikaambiwa kisha na Mzee Lugano mwenyewe, alipopita mjini, "Mwanangu, akina Ambokile wako wangapi Rungwe hii? Rusha jiwe gulioni, utampiga Ambokile. Kama ni yeye, ukoo umsikie pale nyumbani, na mama yake aseme. Akisema ni yeye, nitafuta msiba. Akisema siye, kesho yake tunalia." Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kumwona mke wa kaka yake anaweka sahani ya mtu asiyekuja.

Basi Jumamosi ya kikao nikapanda Kyimo na redio yangu bora imefungwa kwenye kanga. Mvua, kama kawaida. Nikazunguka nyumba ya Mzee Lugano nikitafuta mti. Mparachichi ulikuwapo, lakini mfupi na upande mbaya. Mbele yote migomba. Nikachagua mmoja uliokuwa mrefu na mnene, wenye mkungu mkubwa umewekewa nguzo ya kuutegemeza. Nguzo nikaiona ni nyongeza ya nguvu. Nikafunga kandambili yangu, nikafunga waya, nikauingiza dirishani. Nilijisifu moyoni, nawaambia kweli.

Wazee wakaingia mmoja mmoja wakikung'uta miavuli, wakakaa kwenye viti na magogo. Mama Ambokile akakaa karibu na redio, mkono wake juu ya kasha, kama mtu anayempima mtoto homa. Mimi nikaanza kuwinda. Kichina. Mikwaruzo. Kiarabu. Mikwaruzo. Nje kulikuwa kunafifia. Mzee mmoja akaanza kusema hawa ni nyuki tu, mwingine akamwambia anyamaze. Halafu muziki ule ukaja, mwembamba kwanza, ukanenepa. Nikaugusa unywele kushoto, ukasimama.

Sauti ya mwanamume ikasema, "Wasikilizaji wetu wapenzi, hamjambo."

Na redio ikafa. Haikuzima, taa ilikuwa inawaka, ila sauti iliondoka yote, tukabaki na upepo. Nikatoka mbio. Nikaona nini? Mzee Lugano, na panga lake, amesimama kwenye matone ya mvua, na mgomba wangu umelala chini na mkungu wake, na waya umelala kwenye tope.

Yeye ndiye mwenyeji, mnaelewa. Wazee wameketi kwake tangu alasiri na hawajala, na kwetu hiyo ni aibu ambayo haifutiki. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji ametoka kimyakimya kwenda kukata mkungu uliokomaa kuliko yote ili wanawake wamenye. Uliokomaa kuliko yote ulikuwa ule wenye nguzo. Waya hata hakuuona.

"Baba," nikamwambia, "umekata redio."

Alinitazama, akatazama waya, akatazama panga. Kabla hajasema neno Mama Ambokile alikuwa ameshatupita. Pale ukutani ulisimama upembo, ule mti mrefu wenye ndoano wa kuchumia maparachichi. Akauchukua, akaukwamisha waya na ndoano, akaunyanyua juu kadiri mikono yake ilivyofika. Kutoka ndani tukasikia sauti ya mtu. Akaushusha kidogo, ikafa. Akaunyanyua tena, ikarudi.

Nikarudi ndani kushika kitufe cha kuzungushia masafa, maana mikono ya wazee ni mizito. Yule mtangazaji alikuwa anasoma salamu za wasikilizaji, huyu wa Mombasa, huyu wa Bujumbura. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema ni yeye kabisa, baba yake alikuwa anaongea hivyohivyo. Mwingine akasema Ambokile hakuwa na sauti nene namna ile, huyu ni mtu mzima. Mwingine akasema huyo mtu anaongea Kiswahili cha pwani, atakuwa wa Tanga. Na kila mmoja alikuwa na haki, kwa sababu kijana aliondoka akiwa na sauti ya shule na sasa miaka imepita. Aliyeweza kuamua alikuwa mmoja tu, na alikuwa nje kwenye mvua ameinua mti, mvua inammezea maneno, na akiuachia hakuna neno.

Kipindi chenyewe ni kifupi, salamu zikiisha kinafungwa. Nikapiga kelele dirishani, "Jamani, mtu ampokee mama." Vijana wa nyumba walikuwa wamekwenda kutafuta kuni. Wazee wakatazamana, kila mmoja akihesabu umri wake.

Mzee Lugano ndiye aliyesogea. Nilimwona kwa dirisha. Aliweka panga chini, akaenda nyuma ya shemeji yake, akashika upembo juu ya mikono yake, polepole, asiutikise. "Niachie," akamwambia. "Ingia ndani, Mama Ambokile." Yule mama hakuachia. Akasema, "Utautikisa." Mzee akasema, "Sitautikisa. Nenda."

Akaingia akitiririka maji, akapiga magoti mbele ya redio. Wote tukanyamaza. Sikuwahi kuona nyumba yenye wazee wengi kiasi kile ikinyamaza hivyo. Mtangazaji alikuwa anamsalimu msikilizaji wa Lubumbashi na familia yake yote, jina kwa jina. Mama aliinamisha kichwa akaweka sikio karibu kabisa na spika. Hakulia, hakutingisha kichwa, hakufanya lolote. Nilianza kuogopa. Mzee mkubwa kuliko wote akamwuliza kwa Kinyakyusa, taratibu, kama ni yeye.

"Ana mafua," akasema Mama Ambokile.

Akageuka akatutazama, na ule uso ulikuwa na hasira, hasira ya mama aliyekuta mtoto ametoka nje bila sweta. "Ana mafua. Sikilizeni. Tangu mdogo baridi ikimpiga inamwingia puani hivyo. Huko anakaa na nani? Hakuna mtu wa kumchemshia maji?" Akarudi kwenye spika, akaanza kuongea na mwanawe kwa lugha ya nyumbani, akimwambia ajifunike, akimwuliza amekula nini, na yule kijana akiendelea kusalimu watu wa Lubumbashi. Yule mzee aliyesema mtu huyo ni wa Tanga alitoa leso akajifuta uso wote. Nami, ambaye nilikuja kwa kazi ya waya, nikaongeza sauti ya redio hadi mwisho.

Nikamwachia mama sauti yake, nikatoka mlangoni. Giza lilikuwa linaingia na mvua imekuwa nzito. Mzee Lugano alikuwa palepale, mikono juu, maji yakishuka kwenye mikono ya koti hadi kwapani.

"Amesemaje?" akauliza bila kugeuka.

"Amesema ana mafua."

Akaunyanyua upembo juu kidogo, polepole.

"Bado anaongea?"

"Bado."

"Basi rudi ndani ukashike redio," akasema. "Mimi niko hapa."

Nikarudi. Salamu ziliisha, Ambokile akaaga, muziki wa kufungia ukapigwa hadi mwisho, stesheni ikazimwa. Wanawake waliingia kuwasha taa na kuuliza kama wamenye ndizi, watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, mwingine akicheka, mwingine akisali, na katika furaha yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwenda kumwambia yule mzee kwamba anaweza kushusha mikono.